Wamenichangia pesa za upasuaji wa bega, nami moyo umerudi nyuma

Kwa Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 53, fundi cherehani hapa Nakuru mjini. Nashona sare za shule, na msimu wa harusi ukifika nashona magauni. Nina kisukari, nameza dawa, naenda kliniki. Sukari yangu si mbaya, ila ikiamua kupanda hupanda kwelikweli.

Mwaka jana, baada ya pilkapilka za sare za Januari, bega la kushoto lilianza kuuma. Nilidhani nimelilalia vibaya, nikawa nalichua na dawa za kupaka. Maumivu yakazidi, hasa usiku. Nikigeukia upande huo naamka machozi yakinitoka, mpaka nikahamia chumba cha watoto ili Baba watoto apate usingizi. Baadaye mkono wenyewe ukaanza kukataa kupanda. Siku hizi usiku nina nafuu, nalala hadi asubuhi, lakini mkono umekwama kabisa. Kuufikisha kichwani ni shida, kuupeleka nyuma ndiyo usiseme.

Watu hudhani fundi hutumia miguu na mkono wa kulia tu. Nikimpima mteja kifua, tepu lazima izunguke mgongoni mwake, na mkono wa kushoto haufiki huko. Sasa namwomba mteja ashike ncha moja, aizungushe mwenyewe, kisha mimi nasoma namba. Wengine hucheka. Wengine hunionea huruma, na hao ndio wanaoniudhi zaidi. Sidiria naifungia mbele halafu naisukuma nyuma. Leso nafungiwa na mjukuu.

Hospitalini daktari alijaribu kuuinua mkono yeye mwenyewe, haukwenda. Akaniambia nibane kiwiko ubavuni, akaugeuza mkono nje, haukwenda. Picha ya eksirei ikatoka safi. Akasema bega limeganda, na kwamba sisi wenye kisukari hutupata sana. Alitaka kunidunga sindano ya steroidi begani. Nikakataa, kwa sababu mwenzangu mmoja wa chama alidungwa ya goti na sukari ikampanda mpaka akaogopa. Basi nikaandikiwa fiziotherapia. Naenda, lakini si kama nilivyoagizwa. Shule zikikaribia kufunguliwa siwezi kuacha mashine nikakae kwenye benchi la hospitali.

Sasa shida yenyewe. Kifungua mimba wangu alikuja Krismasi kutoka Nairobi. Akanikuta nateremsha sufuria kutoka rafuni kwa mkono mmoja, ikaniponyoka ikanipiga kwenye paji la uso. Hakusema kitu siku hiyo. Baadaye alinipeleka kwa daktari mwingine wa mifupa, naye akasema operesheni inaweza kulifungua bega. Kufumba na kufumbua, kijana ameunda kundi la WhatsApp linaitwa "Bega la Mama" na watu wanachanga. Shemeji yangu wa Njoro aliuza ndama dume. Dada zangu wametoa, watu wa kanisa wametoa, hata vijana anaofanya nao kazi mwanangu, ambao hawanijui, wametoa. Zimefika laki moja na themanini, zimebaki chache, na tarehe imeshapangwa mwezi ujao.

Juzi kijana wa fiziotherapia, akininyoosha mkono, aliniuliza, "Mama, unajua Uingereza waliwalinganisha waliofanyiwa upasuaji na wale wa sindano na mazoezi, na baada ya mwaka hawakutofautiana sana?" Alisema kwa nia njema, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Tangu siku hiyo sina amani.

Nikimwambia mwanangu sitaki tena, ataona nimemdharau na kumwaibisha mbele ya watu. Wifi yangu tayari husema bega langu huuma siku za kufua na kupona siku za chama. Baba watoto anasema nifanye nitakavyo, jibu ambalo halinisaidii. Na sijui kama utafiti wa Wazungu unanihusu mimi. Sidhani walimpima fundi cherehani mwenye kisukari.

La mwisho sijamwambia mtu. Mdogo wangu aliingia thieta miaka mingi iliyopita, kwa ugonjwa mwingine, na hakutoka. Sijui kama ninachoogopa kimetoka kwa huo utafiti au kimetoka kwake.

Nikubali kupasuliwa ili nisiwavunje moyo, au nikatae nionekane sina shukrani?

Fundi, Nakuru

JIBU

Mama Fundi,

Pole kwa bega, na pole kwa mzigo wa kupendwa na watu wengi kwa mpigo. Si mzigo mdogo. Aliyechangiwa hujiona amekopa hata kama hakuna aliyemkopesha, na mwili wake ukawa kitu cha kutolewa hesabu kwenye kikao.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona umeunganisha mambo matatu. Kuna swali la tiba: upasuaji, au sindano na mazoezi, au kuvuta subira. Kuna swali la mwanao na waliochanga. Na kuna mdogo wako, Mungu amrehemu, uliyemweka mwishoni kabisa katika mistari michache. Niruhusu nianze na tiba, kwa sababu ndiyo iliyokukosesha amani na ndiyo iliyofanyiwa utafiti. Mimi si daktari wako, na bega lako sijalishika. Nitakueleza yanayojulikana, uyapeleke kwa aliyelishika.

Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko wa utando. Katika ugonjwa huu mfuko huo huvimba, hunenepa na kujikaza. Wewe utanielewa haraka: ni koti ambalo bitana yake imesinyaa ilipofuliwa. Kitambaa cha nje ni kizima, mshono ni mzima, lakini mkono haupiti. Ndiyo maana eksirei yako ilitoka safi. Mfupa hauna neno. Na ndiyo maana hata daktari alipouinua mkono yeye mwenyewe haukwenda. Hapo wifi yako amekosea: mkono wa kujisingizia hupanda ukiinuliwa na mwingine.

Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara nyingi kuliko wasio nacho. Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston aliyeuita ugonjwa huu "bega lililoganda" mwaka 1934, alikiri kwamba ni mgumu kuueleza na mgumu kuutibu. Miaka zaidi ya 90 imepita na madaktari bado wanabishana, kwa hiyo usijione mjinga kwa kukosa jibu.

Utafiti aliokutajia kijana wa fiziotherapia, nadhani ni ule uitwao UK FROST. Uliongozwa na daktari wa upasuaji Amar Rangan, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet. Walichukua wagonjwa 503 katika hospitali 35 za Uingereza na kuwagawa kwa kura ya kompyuta katika makundi matatu. Kura ina kazi yake. Daktari akichagua mwenyewe, atawapeleka wenye hali fulani kwenye kisu na wengine kwenye mazoezi, na mwishowe hutajua kilichowaponya ni nini. Kundi la kwanza lilipata sindano ya steroidi na fiziotherapia ya mpangilio maalumu, hadi vipindi 12. La pili lililazwa kwa nusukaputi, daktari akaukunja na kuunyoosha mkono kwa nguvu mpaka ule mfuko uliokaza ukaachia, bila kupasuliwa. La tatu lilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo, kamera ikaingia, na mfuko ukakatwa kwa ndani.

Baada ya mwaka waliwapima kwa alama za kati ya 0 na 48, ambapo 48 ni bega lisilo na shida. Wa matundu walikuwa na 40 hivi, waliokunjwa 38, wa sindano na mazoezi 37. Watafiti walikuwa wamekwisha kusema tangu mwanzo kwamba tofauti isiyofika alama 4 au 5 mgonjwa haihisi katika maisha yake ya kila siku. Kwa hiyo kijana hakukudanganya. Lakini alikuwa na haraka, na haraka imeacha mambo ambayo nadhani wewe hasa unapaswa kuyajua.

Kwanza, utafiti ule haukusema upasuaji haufai. Makundi yote matatu yalipata nafuu kubwa. Waliopasuliwa walikuwa juu kidogo, na walihitaji kurudia matibabu mengine mara chache kuliko wale wa mazoezi. Upande wa pili, matatizo makubwa yaliyoandikwa yalikuwa 8 kwa waliopasuliwa na 2 kwa waliokunjwa, na kwa wa mazoezi hakuna. Ni machache kati ya mamia ya watu, ila yapo, na hayakugawanyika sawa.

Pili, na hili naliona kubwa zaidi kwako, hakukuwa na kundi lililoachwa bila tiba. Wale waliopata alama 37 bila kisu walidungwa sindano, kisha wakakaa na mtaalamu kipindi baada ya kipindi, na nyumbani wakafanya mazoezi. Wewe sindano uliikataa, na fiziotherapia unaenda msimu wa sare ukikuruhusu. Sikulaumu, cherehani ndiyo inayolisha nyumba. Ila huwezi kuchukua matokeo yao ukaacha kazi yao. Ukighairi upasuaji halafu ukaendelea kama unavyoendelea sasa, hicho ulichochagua ni kitu cha nne, na utafiti huo haukukipima.

Umeuliza kama unakuhusu wewe, usiye Mwingereza na mwenye kisukari. Wenye kisukari walikuwemo. Tena kabla ya kura walitengwa kwanza na wasio nacho, ili kila kundi lipate sehemu yake. Hapo unaweza kutulia kidogo. Ambacho hakikupimwa ni thieta utakayoingia wewe, nauli yako, foleni yako, na nani atashona wakati mkono umefungwa. Wao hawakuchangisha pesa ya matibabu yao. Kwako shilingi laki moja na themanini ni ndama wa mtu, na hilo nalo ni sehemu ya hesabu, hata kama halimo kwenye jarida lolote.

Kuna maneno mengine utakayoyasikia, pengine umeshayasikia: "Acha tu, hupona lenyewe." Ni kweli kwa wengi, si kwa wote. Watafiti wa Oxford waliwafuatilia wagonjwa 223 kwa wastani wa miaka 4.4 na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Asilimia 59 walikuwa na bega zima au karibu zima. Asilimia 41 bado walikuwa na dalili, wengi wao maumivu au ugumu kiasi, na wachache shida kubwa. Subira nayo ni njia, na ina gharama zake. Kwa fundi anayehitaji kuzungusha tepu mgongoni mwa mteja, ugumu "kiasi" si jambo dogo.

Nirudi kwenye sindano, maana naona uliifungia mlango mapema na ufunguo ukapewa na mwenzako wa chama. Aliyokuambia ni kweli: steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Daktari huweza kupanga upime mara nyingi zaidi siku hizo, ujue cha kula na dawa za kurekebisha, na pengine asubiri kwanza mpaka sukari itulie. Uliuliza hayo, au ulikataa palepale ukarudi nyumbani? Wakati huohuo kuna kitu kwenye barua yako sitaki kikupite. Utafiti mmoja wa Canada wa mwaka 2003, wa watu 93, ulionyesha waliodungwa wakiwa na nafuu ya haraka baada ya wiki 6, lakini baada ya mwaka makundi yote yalikuwa yamekaribiana. Faida kubwa ya sindano ni miezi ile ya mwanzo, usiku haulaliki. Wewe unasema siku hizi unalala hadi asubuhi na kilichobaki ni mkono kukwama. Yaani huenda umekwisha kuvuka ile miezi ambayo sindano husaidia zaidi. Muulize daktari wazi: katika hatua niliyofika sasa, sindano itanifaa nini, na kwa sukari yangu ya leo ina hatari gani?

Kuhusu upasuaji wenyewe, umeandika "operesheni" tu. Ni ipi? Kukunjwa ukiwa usingizini, au matundu? Si kitu kimoja, bei haifanani na hatari zake hazifanani. Anayekunjwa anaweza kuvunjika mfupa kama mifupa imedhoofika, na sisi wanawake tuliovuka miaka 50 hatuna budi kuuliza juu ya mifupa yetu. Anayetobolewa ana kidonda, na kidonda na kisukari wewe unavijua. Nusukaputi iko katika zote mbili. Na usidhani kisu kitakuokoa na benchi la fiziotherapia. Baada ya kutoka thieta mazoezi huanza mapema, maana bega lililofunguliwa likaachwa bila kutumiwa linaweza kukaza tena. Ukipasuliwa mwezi ujao, ni nani atakupeleka mazoezini mwezi unaofuata? Hizo nauli zimo kwenye laki moja na themanini, au zilisahaulika?

Sasa mwanao.

Umeniambia ataona umemdharau, na kwamba ataona umemwaibisha. Nimerudi kwenye barua kutafuta neno alilolisema yeye mwenyewe, sikulipata hata moja. Ninachokiona ni kijana aliyeona sufuria ikimpiga mama yake usoni, akanyamaza siku nzima, kisha akaenda kutafuta daktari na pesa. Huenda alichotaka ni wewe uache kuumia, na operesheni ikawa ndilo jibu la kwanza aliloambiwa. Huenda pia nimekosea, ni kijana mwenye haraka anayependa kuonekana na kundi lake. Wewe ndiye unayemjua. Ila naomba ujiulize kama unamjibu yeye, au unaijibu aibu uliyomvika wewe mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Ukiamua kuongea naye, una njia zaidi ya moja. Unaweza kumwita nyumbani mkae wawili, kabla habari haijafika kwenye kundi. Faida yake ni kwamba hatasikia jambo lako kwa shemeji. Hatari ni kwamba akikusihi utalegea, kama mama wengi tunavyolegea. Unaweza kumwomba aje nawe kwa daktari, muulize maswali pamoja, na asikie mwenyewe kuhusu aina za upasuaji, sukari na mazoezi. Hapo hutalazimika kumbishia kwa kutumia utafiti wa Uingereza, na yeye hatajiona ameshindwa hoja na kijana wa fiziotherapia ambaye hajawahi kuonana naye. Lakini ujue daktari anaweza kusema kwa uzito kwamba bega lako linastahili kisu, na itabidi uwe tayari kulisikia hilo pia. Au unaweza kunyamaza, uingie thieta, umalize. Wapo wanaofanya hivyo na wakafurahi baadaye. Wapo wengine ambao, bega likichelewa kupona, huanza kumlaumu mtoto kimoyomoyo kwa kitu ambacho hakuwahi kuwalazimisha, na lawama hiyo hukaa muda mrefu kuliko ugonjwa.

Baba watoto umemtaja mara mbili tu: ulipohama chumba ili apate usingizi, na aliposema ufanye utakavyo. Jibu hilo umeliona halina msaada. Ulimweleza kuhusu mdogo wako, au naye hajui? Mwanamume asiyeambiwa unaogopa nini hana cha kukujibu zaidi ya hicho.

Ndipo niseme juu ya huyo mdogo wako. Unauliza hofu imetoka wapi, kwenye utafiti au kwake. Mimi naona inaweza kuwa imetoka kote kuwili, na haipungui ukweli kwa sababu hiyo. Ninachokihofia ni utafiti kutumiwa kumfunika yeye. Ukimwambia mwanao "Waingereza wamesema hakuna tofauti," atakuletea daktari wa kupinga, na mtabishana juu ya alama 37 na 40 huku kitu chenyewe kikiwa hakijatajwa. Ukimwambia, "Mimi mlango wa thieta naukumbuka, aliyeingia sikumwona tena," hapo hana karatasi ya kukujibu, itabidi akusikilize. Na daktari wa nusukaputi naye anapaswa kulisikia, pamoja na kisukari na dawa zote unazomeza. Ni sehemu ya kazi yake kukutana nawe kabla ya siku yenyewe na kukueleza atafanya nini. Mwulize pia kama kilichompata mdogo wako kilihusiana na dawa ya usingizi au na ugonjwa aliokuwa nao. Familia nyingi hazikuwahi kuambiwa, na miaka ikapita hivyohivyo. Kama kuna ndugu anayejua, mpigie, kwa sababu miili ya ndugu wakati mwingine hufanana na daktari atataka kujua.

Kuhusu pesa, watu walichangia "Bega la Mama". Hawakuchangia kisu. Sioni dhambi yoyote zikilipa vipindi vya fiziotherapia, nauli, vijiti vya kupimia sukari, hata msichana wa kukusaidia mashineni miezi miwili ili uweze kwenda mazoezini kama inavyotakiwa. Wengine wataliona hivyo. Wengine watataka zao, na shemeji wa Njoro ana haki ya kuuliza ndama wake amekwenda wapi. Mkibadilisha mpango, yule anayeshika pesa aseme kwenye kundi kiasi gani kipo na kitafanya nini, na anayetaka kurudishiwa arudishiwe bila maneno. Mkiendelea na upasuaji, mwache aseme hivyohivyo, na aongeze bajeti ya mazoezi ya baadaye, maana harambee ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Pia ulizeni hospitalini SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa nini na haitalipa nini, kabla ya kuchanga zile zilizobaki.

Sitakuambia upasuliwe wala usipasuliwe. Kwa ninavyoona, mtu mwenye bega kama lako anaweza kuchagua lolote kati ya hayo na akawa na sababu nzuri. Ila tarehe ya mwezi ujao ilipangwa kabla hujauliza hata moja kati ya maswali haya. Piga simu hospitalini ujue kama inaweza kusogezwa wiki chache, na kama kusogeza kuna malipo. Fanya hivyo kabla hujaandika chochote kwenye kundi, kisha umpigie mwanao.